Bei ya Dubai na Jasho la Kwetu



Umejengeka miongoni mwa watu wetu mtindo wa kupima haki kwa simu na televisheni za ng'ambo. Mwamini akirejea kutoka hija ya Roma, au mfanyabiashara akitua kutoka Dubai au Guangzhou, swali la kwanza analoulizwa nje ya kanisa halihusu makaburi ya Mitume wala safari yenyewe. Anaulizwa bei ya simu huko. Naye hujibu kwa fahari kwamba huko simu hii ni kiasi kadhaa, ilhali ninyi hapa mnauziwa karibu mara moja na nusu. Wasikilizaji huguna, mwenye duka wa mtaani hutajwa kuwa mlanguzi, na kabla jua halijazama, msafiri wa safari ijayo amekwisha kukabidhiwa fedha pamoja na orodha ya maagizo. Kuna mahujaji wanaokwenda kuomba wakirudi wamekuwa wapagazi.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani hatuna ugomvi na mtu anayeuliza bei. Maskini asiyeuliza bei huibiwa mchana kweupe. Ugomvi wetu ni na hesabu inayofanywa, kwa kuwa ni nusu hesabu. Na nusu hesabu ikitumiwa kumhukumu jirani, hiyo haina tofauti na ushahidi wa uongo.

Kwanza, bei zinazolinganishwa aghalabu si bei za kitu kimoja. Bei iliyobandikwa dukani Italia imekwisha kubeba kodi ya ongezeko la thamani, ambayo huko ni asilimia 22. Mgeni asiyeishi katika Umoja wa Ulaya aweza kurudishiwa sehemu yake anapoondoka, mradi manunuzi yake yamefikia kiwango kilichowekwa na forodha imethibitisha hati zake. Marekani bei ya rafuni haina kodi ndani yake: katika jiji la New York mnunuzi huongezewa asilimia 8.875 mbele ya keshia, na katika jimbo la Oregon haongezewi kitu. Hong Kong haina kodi ya namna hiyo kabisa. Dubai nayo haikuwa nayo hadi tarehe 1 Januari 2018, ilipoanza kutoza asilimia 5. Kwetu Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, na Kenya 16. Msafiri asemaye "huko ni rahisi" bila kueleza ni bei ya kabla ya kodi au ya baada, hajatuambia lolote bado.

Tena chombo chenyewe hutofautiana. Simu za iPhone zinazouzwa Marekani, tangu toleo la 14 la mwaka 2022, hazina tundu la kuingizia laini. Umeme wa Japani ni wa volti 100 na wa Marekani ni wa volti 120, ilhali wetu ni wa volti 230. Redio iliyoundwa kwa umeme wa huko peke yake, ikichomekwa ukutani huku bila transfoma, huungua siku hiyo hiyo. Dhamana nayo mara nyingi huishia katika nchi kilikonunuliwa kifaa. Haya hayasemwi nje ya kanisa, kwa sababu huharibu utamu wa habari.

Na hilo neno mlanguzi tulitumie kwa uangalifu, maana lina historia katika nchi hii. Mwaka 1983 ilipoendeshwa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, wengi walikamatwa, maduka yalipekuliwa, na bidhaa zikazidi kutoweka rafuni. Mwaka uliofuata serikali ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Hapo ndipo msafiri alipoanza kuwa ghala letu. Tukumbuke pia kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bara ikasubiri hadi mwaka 1994. Basi watu wa Bara walivuka maji kwenda Darajani kutafuta redio na televisheni zilizotoka Dubai, wakakuta bei ya chini, kisha wakadaiwa tofauti ya ushuru waliporudi bandarini Dar es Salaam. Malalamiko hayo yakahesabiwa miongoni mwa kero za Muungano. Basi kulinganisha bei ng'ambo ya maji ni desturi ya zamani kwetu, na tangu zamani kulikuwa na mtu wa tatu aliyesimama kati ya bei mbili, naye ni mtoza ushuru.

Mtu huyo tumtazame vizuri. Kifaa kilicho katika ngazi ya asilimia 25 ya ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, kikifika bandarini kwa thamani ya shilingi 100,000, huwa 125,000 baada ya ushuru; kisha asilimia 18 hutozwa juu ya hizo 125,000, wala si juu ya zile 100,000 za mwanzo, nayo bei hufika 147,500. Bado hatujahesabu tozo nyingine, wakala wa forodha, lori, pango la duka, mshahara wa kijana anayeuza, wala faida ya mwenye mali. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefundisha wazi kwamba ni dhambi kuuza kitu kupita thamani yake kwa hila, alikubali pia kwamba mfanyabiashara aweza kuuza kwa bei ya juu kuliko aliyonunulia kwa sababu ya tofauti ya mahali na ya wakati, na kwa hatari anayobeba katika kusafirisha. Mwenye duka anayetunyonya yupo, na tutamkemea. Lakini asihukumiwe kwa bei ya Dubai. Ahukumiwe kwa kukataa kubandika bei, kwa kukataa kutoa risiti, na kwa kuuza bandia kama halisi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini, hasara iliwaangukia walionunua, wengi wao maskini, na si waliowauzia.

Na huyu shujaa wetu wa bei nafuu, yeye anapitaje? Maboksi huyatupa hotelini, simu huzigawanya katika mifuko ya wenzake wa msafara, na kila kitu huitwa "zawadi". Novemba 2023 mamlaka ya mapato ya Kenya ilipowakumbusha wasafiri kwamba vitu vya thamani ya zaidi ya dola 500 vilikuwa vikitozwa ushuru, kelele zilipigwa nchi nzima. Huenda kiwango hicho kilikuwa kidogo mno, na ilikuwa haki ya raia kudai kipandishwe. Lakini kudai ni jambo moja na kukwepa ni jingine. Mtu anayepitisha simu sita mfukoni, kisha Jumapili akalalamika kwamba zahanati haina dawa, ni nani anayemdanganya?

Hata hivyo serikali isidhani tumesimama upande wake. Inawataka wananchi walipe ada kwa simu, wapokee namba za malipo kwa simu, wapate taarifa kwa simu. Kisha inaitoza simu kama kitu cha anasa. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu mwaka 2009, ikairudisha mwaka 2013. Tanzania iliisamehe kwenye simu janja, vishikwambi na modemu mwaka 2021, ikaufuta msamaha huo mwaka 2022. Mwaka mmoja tu! Katika mwaka huo, ni kikundi gani cha walei, ni jumuiya gani ndogo ndogo iliyokwenda dukani na kuuliza: kodi imeondolewa, mbona bei haijashuka, na kama imeshuka, ni kwa kiasi gani? Hapo ndipo ulinganifu wa bei ungekuwa kazi ya haki. Tulikuwa na bei ya Dubai midomoni, na bei ya jana ya duka la jirani hatukuwa nayo.

Sasa tufike kwenye kiini. Tuseme kodi zote zimeondolewa, wenye maduka wote wametubu, na simu ya euro 200 inauzwa kwa thamani ile ile Berlin na Mbeya. Je, bei hizo ni sawa? Mwaka 2024 kima cha chini cha mshahara Ujerumani kilikuwa euro 12.41 kwa saa. Mfagiaji wa huko aliifikia simu hiyo, kabla ya makato, kwa takriban siku mbili za kazi za saa nane nane. Kwa shilingi zetu simu hiyo ilizidi 500,000. Mtumishi wa ngazi ya chini kabisa serikalini mwaka huo alipata 370,000 kwa mwezi, hivyo ilimdai zaidi ya mwezi mzima bila kula. Na msichana wa kazi anayelala kwa mwajiri, ambaye amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimwekea kima cha chini cha shilingi 60,000, ilimdai zaidi ya miezi minane. Siku mbili kwa mmoja, miezi minane kwa mwingine, na kibandiko cha bei ni kile kile!

Hii ndiyo hesabu ambayo msafiri hailetei jumuiya. Anabadilisha dirhamu kuwa shilingi kwa ustadi wa mtu wa benki, lakini habadilishi shilingi kuwa siku za kazi. Leo XIII alifundisha mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba mshahara hauwi wa haki kwa sababu tu mwajiri na mfanyakazi wamekubaliana, ikiwa hautoshi kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi. Mtakatifu Paulo VI, mwaka 1967, katika Populorum Progressio, akaongeza kwamba hata bei zinazopangwa kwa uhuru sokoni huweza kuleta dhuluma pale wanaouziana wasipolingana kwa nguvu. Tunaotafuta kosa ndani ya bei peke yake tunaliacha kosa kubwa limekaa ndani ya mshahara.

Na kuna mshahara ambao haumo katika bei ya nchi yoyote, iwe Roma, Dubai au Kariakoo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa upande wa Kolwezi. Koltani hutoka Rubaya katika Masisi, machimbo yaliyoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024. Wachimbaji wa huko wengi wanaongea Kiswahili. Tungeweza kuwauliza bei yao bila mkalimani. Papa Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023 aliwaambia wenye tamaa waondoe mikono yao Kongo. Na mikono hiyo, tusijidanganye, si ya wageni peke yao.

Lakini turudi nyumbani, maana ni rahisi mno kuililia Kolwezi ukiwa sebuleni. Tunawajua viongozi wa walei wanaoweza kutaja bei ya simu katika miji minne, ila ukiwauliza msichana anayewapikia hulipwa kiasi gani, na tarehe ngapi, hutazama chini. Tunazijua parokia ambazo kamati ya fedha imejadili vikao vitatu kama kompyuta ya ofisi inunuliwe mjini au iagizwe kwa msafiri, na katika vikao vyote hivyo posho ya katekista wa kigango, anayetembea kwa miguu kwenda kuongoza ibada ya Jumapili, haikutajwa hata mara moja.

Basi kabla ya kikao kijacho cha bajeti, tunawataka makatibu wa halmashauri za walei waandike katika karatasi moja bei ya chombo kinachotakiwa, na chini yake posho ambayo katekista na mlinzi wa parokia walipokea mwezi uliopita. Kisha wagawanye ya kwanza kwa ya pili, na jibu hilo lisomwe kwa sauti kikaoni, katekista akiwepo.