Kipimo cha ADN cha nyumbani: mate ya mtu mmoja, siri ya jamaa nzima

Mara nyingi swali linafika kwa simu. Ndugu aliyepelekwa Marekani kama mkimbizi ameona tangazo: tia mate kidogo katika kichupa, tuma kwa posta, kisha baada ya wiki chache utajua asili yako na magonjwa yanayokunyemelea. Bei ni karibu dola 100 kwa asili peke yake, na karibu 200 ukiongeza afya. Anauliza kama jamaa inakubali. Ao hakuuliza mtu, amekwisha kufanya, na sasa picha ya matokeo inazunguka katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Ndipo maneno yanaanza.

Kabla ya kubishana, inafaa kujua kampuni hizo zinafanya nini. Hazisomi ADN yote ya mtu. ADN ina herufi karibu bilioni 3. Kipimo cha kawaida kinaangalia sehemu laki kadhaa tu, kisha kinalinganisha na watu waliokwisha kuwekwa katika hifadhi ya kampuni. Matokeo yanategemea ni nani yumo katika hifadhi hiyo. Kampuni 23andMe imewapa wateja fungu linaloitwa "Kongo na kusini mwa Afrika ya Mashariki". Ancestry nayo imetumia jina "Kameruni, Kongo na Wabantu wa Magharibi". Majina kama hayo yanafunika mamilioni ya watu na mamia ya lugha. Na asilimia hubadilika kila mara kampuni inapopanga upya hifadhi yake: mwaka huu 60, mwaka ujao 48, na babu ni yule yule.

Kwa mtu wa Chicago ao London, kosa hilo ni la kuchekesha. Kivu na Ituri si hivyo. Hapa swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni limekwisha kumwaga damu, na kuna watu wanaotafuta kitu chochote chenye sura ya sayansi ili waseme fulani si Mkongomani. Sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 juu ya uraia inaongea juu ya makabila ambayo watu wake na ardhi yake viliunda inchi iliyokuwa Kongo wakati wa uhuru. Haitaji asilimia za asili kutoka kampuni yoyote. Mpaka wa Rwanda, Burundi ao Uganda ulichorwa na wakoloni juu ya watu waliokuwa wanaoana na kuhama tangu zamani. ADN haikuona mpaka huo na haiwezi kuuonyesha. Anayeinua picha ya matokeo na kusema "tazama, huyu ni wa kule" anadanganya, hata kama picha ni ya kweli.

Tena, hatari ya kupanga watu kwa asili imekwisha kuonekana. Mwaka 2023 wezi wa mtandao waliingia katika akaunti karibu 14,000 za 23andMe, wakitumia maneno ya siri yaliyokwisha kuibwa mahali pengine. Kwa kuwa akaunti zimeunganishwa na za ndugu wa damu, walichukua habari za watu karibu milioni 6.9. Orodha za kwanza walizotangaza hazikuwa za matajiri ao za watu mashuhuri. Zilikuwa za watu wenye asili ya Kiyahudi na ya Kichina. Msomaji wa Beni ao Uvira hahitaji kuelezwa orodha ya watu kwa kabila inaweza kutumika namna gani.

Lakini kuna jambo ambalo kipimo hiki kinafanya vizuri sana, na ndilo linalopaswa kufikiriwa zaidi: kinaonyesha ndugu wa karibu. Baba na mtoto, kaka na dada, watoto wa mama mmoja na baba tofauti. Hapo kinakosea mara chache mno. Na jamaa za mashariki zimejengwa juu ya vita. Mtoto wa ndugu aliyeuawa amelelewa na baba mdogo, anamwita baba, na katika karatasi za kambi ameandikwa mtoto wake. Kwetu huo si uongo. Kuna pia mama waliobakwa, wakazaa, wakalea, na wakachagua wenyewe nani aambiwe na nani asiambiwe. Kijana wao aliye Ohio akitia mate katika kichupa, na dada yake aliye Ubelgiji akafanya vilevile, mashine inaweza kuwaambia katika sekunde moja kitu ambacho mama alikilinda miaka 25. Hakuna aliyemuuliza mama.

Wakimbizi wanajua namna ADN inavyoweza kugongana na ukoo wa Kiafrika. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilijaribu kipimo kwa watu karibu 3,000 katika inchi kadhaa za Afrika, walioomba kuwafuata ndugu zao. Undugu wote uliodaiwa ulithibitishwa kwa kesi zisizofika 20 kwa mia. Katika kesi nyingine kulikuwa na udanganyifu, katika nyingine watu hawakutokea ao walikataa kupimwa, na katika nyingine mtoto alikuwa wa kulelewa. Mpango huo wa kuunganisha jamaa ulisimamishwa, ukarudi mwaka 2012 pamoja na sharti la ADN. Mtu mwenye faili ya uhamiaji ajue pia kwamba kichupa cha nyumbani hakipokelewi kama ushahidi: ubalozi unataka maabara inayotambuliwa, na sampuli inachukuliwa mbele ya shahidi.

Habari za mtu zinakwenda wapi? Kongo ina Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inayolinda habari za binafsi, lakini sampuli iliyotumwa California inafuata sheria za kule. Tarehe 23 Machi 2025, 23andMe, yenye wateja zaidi ya milioni 15, iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kufilisika. ADN ya wateja ikawa sehemu ya mali inayouzwa. Kampuni ya dawa Regeneron ilitaka kuinunua kwa dola milioni 256. Mwishowe ikaenda kwa shirika la mwanzilishi wake, Anne Wojcicki, kwa milioni 305. Mwanasheria mkuu wa California aliwakumbusha wateja kwamba wana haki ya kufuta akaunti na kuomba sampuli iharibiwe. Aliyekwisha kupima anaweza kufanya hivyo leo, ao angalau kufunga sehemu ya kutafuta ndugu. Ufaransa imekataza kabisa: raia anayenunua kipimo hicho anaweza kutozwa faini ya euro 3,750. Wakongomani wengi wa Paris hawajui.

Inabaki afya, na hapa matangazo yanaahidi kupita kiasi. Kufikia 2018, kati ya watu walioshiriki katika tafiti kubwa za ADN na magonjwa, 78 kwa mia walikuwa wa asili ya Ulaya na 2 tu wa asili ya Afrika. Mwaka huo huo Marekani iliruhusu 23andMe kutoa matokeo ya hatari ya kansa ya maziwa kwa kuangalia mabadiliko matatu ya ADN, yanayopatikana hasa kwa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, wakati zaidi ya 1,000 yalikuwa yanajulikana. Orodha iliongezwa baadaye. Hata hivyo, mama Mkongomani akiandikiwa "hakuna kilichoonekana", asiache kujichunguza wala kwenda kwa daktari.

Kuna swali moja la kurithi ambalo kweli linahusu jamaa zetu: drepanositozi, ile ambayo watu wanaiita SS. Kwa watoto wachanga 31,204 waliopimwa Kinshasa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha karibu 17 kwa mia ni AS, na 1.4 kwa mia ni wagonjwa. Wazazi wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS. Kwa kujua hilo hakuna haja ya kutuma mate Marekani. Kipimo cha damu kinachoitwa elektroforezi kinatosha. Kile cha Emmel, ambacho vituo vingi vinatoa kwa sababu ni cha haraka, hakitenganishi AS na SS, kwa hiyo wachumba wanaokwenda kupima kabla ya ndoa waitaje elektroforezi kwa jina. Matokeo yake hayabadiliki maisha yote; karatasi iwekwe pamoja na hati ya kuzaliwa.