Sifa za Mkimbiaji na Haki Yake

Wanachama wenzangu,

Sisi makarani twajua nguvu ya kalamu. Tarehe 12 Septemba 1913, huko Oakville katika jimbo la Alabama, Marekani, alizaliwa mtoto aliyeitwa James Cleveland Owens, na nyumbani wakimwita kwa herufi mbili tu, J.C. Alipopata umri wa miaka tisa jamaa zake walihamia mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Mwalimu wa huko alipomwuliza jina lake hakuizoea lafudhi ya watu wa kusini. Akasikia "Jesse", akaandika hivyo katika daftari. Kosa lile halikusahihishwa kamwe, na dunia nzima ikamjua mtu huyu kwa jina la Jesse Owens.

Naanza na habari hiyo kwa kuwa maisha ya bwana huyu, mkimbiaji hodari kupita wote wa zamani zake, hayakuamuliwa na miguu yake peke yake. Mara nyingi yaliamuliwa na watu wenye kalamu. Neno langu ni hili: sifa si malipo, na wanaotumia nguvu za mtu wana wajibu wa kuifikiri kesho yake.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Owens alikuwa mwana wa mkulima maskini aliyelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno. Shuleni Cleveland hakuweza kufanya mazoezi jioni, maana jioni alikuwa kazini. Basi mwalimu wake, Charles Riley, akakubali kumfundisha asubuhi kabla ya masomo. Alipoingia Chuo Kikuu cha Ohio State hakupewa msaada wa karo, na kwa sababu ya weusi wake hakuruhusiwa kulala katika mabweni ya chuo. Alijilipia kwa vibarua, na kimojawapo kilikuwa kuendesha lifti.

Tarehe 25 Mei 1935, mjini Ann Arbor, alishindana huku mgongo ukimwuma kwa kuwa alikuwa ameanguka siku chache kabla. Katika muda wa dakika 45 hivi alivunja rekodi tatu za dunia na kuifikia ya nne. Siku hiyo aliruka mbali mara moja tu, meta 8.13, na rekodi ile haikuvunjwa mpaka mwaka 1960. Mwezi Agosti 1936, katika Michezo ya Olimpiki mjini Berlin, mbele ya serikali ya Hitler iliyohubiri kwamba watu weupe wa kabila lake ni bora kuliko wote, alipata nishani nne za dhahabu: meta 100 kwa sekunde 10.3, meta 200 kwa sekunde 20.7, kuruka mbali meta 8.06, na mbio za kupokezana vijiti.

Sasa tazameni yaliyofuata. Michezo ilipokwisha, wakubwa wa chama cha riadha cha Marekani waliwapeleka wakimbiaji huku na huko Ulaya ili watu walipe kuwatazama. Mkimbiaji mwenyewe hakuruhusiwa kupokea ujira, kwa kuwa kanuni ilimtaka acheze bila malipo. Owens alichoka, naye alikwisha kuahidiwa kazi za fedha kwao. Akakataa kwenda Uswidi. Wakubwa wakamfungia asishindane tena. Alikuwa na umri wa miaka 22, na mbio zake za haki zikakoma hapo.

Mjini New York alifanyiwa karamu ya heshima katika hoteli kubwa, lakini yeye aliyeheshimiwa alipandishwa kwa lifti ya mizigo. Rais Roosevelt hakumpelekea hata simu ya pongezi. Ahadi nyingi za fedha zikayeyuka. Desemba mwaka ule ule, huko Havana, alishindana na farasi ili apate riziki. Baadaye akafungua biashara ya kufua nguo, na mwaka 1939 akafilisika. Wala hakuwa peke yake: Mack Robinson, aliyekuwa wa pili nyuma yake katika meta 200, alirudi kwao Pasadena akafagia barabara.

Yamkini mwenzangu atasema: "Alivunja kanuni, na kanuni ni kanuni." Nami ni karani, naziheshimu kanuni. Tena Owens hakuwa malaika. Mwaka 1966 aliadhibiwa na mahakama kwa kutopeleka hesabu zake za kodi. Lakini kanuni inayomkataza mwenye jasho kupokea, na kumruhusu mwenye kalamu kukusanya, ni mizani iliyopinda. Punda naye hushukuriwa kwa mateke.

Heshima ilimjia, tena kwa kuchelewa. Mwaka 1955 serikali yake ilimtuma India awe mjumbe wa urafiki. Mwaka 1976 Rais Ford alimvika nishani kuu ya raia. Tarehe 31 Machi 1980 alikufa kwa saratani ya mapafu, na nishani ya dhahabu ya Bunge la nchi yake ilitolewa mwaka 1990, akiwa kaburini miaka kumi.

Je, haya yatuhusu nini? Nalihudhuria karamu ya kumwaga tarishi mmoja mzee. Hotuba zilikuwa tatu, chai ilikuwa tele, na sote tulipiga makofi. Baada ya miezi michache nikamwona dirishani, kofia mkononi, akiuliza kiinua mgongo chake. Nasi tuliomsifu hatukujua jalada lake liko wapi. Siku hiyo naliona haya, maana makofi yangu yalikuwa katika yale makofi.

Kwa hiyo natoa shauri. Mwanachama akaribiapo kustaafu, kabla hatujachanga senti moja ya karamu, katibu wetu na aulize mambo matatu: jalada lake liko wapi, miaka yake ya kazi imehesabiwa sawasawa, na jina lake limeandikwa kama alivyoitwa na wazazi wake? Yakiisha hayo, chai itanyweka vizuri.

Mwenye shauri lililo bora na aliandike. Nitalisoma kwa furaha.

Ni mimi,
Karani Mwenzenu