Usiondoe ritifaa ya Rang'we

Una duka Rongo, ama unauza omena Homa Bay, na unawatumia wateja SMS za pamoja kuwakumbusha malipo. Mtu atakushauri uandike "Rangwe" badala ya Rang'we ndio SMS zisikule pesa. Mimi napinga.

Shida si jina, ni aina ya ritifaa. Kompyuta huhifadhi kila herufi kama namba. Ritifaa iliyonyooka (') ni 39. Ile iliyopinda (’), ambayo Word hujiwekea yenyewe, ni 8217, na haimo katika orodha ya kawaida ya herufi za SMS. Ikiingia hata moja tu, meseji nzima inahamia mfumo mwingine, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Meseji ya herufi 150 iliyokuwa SMS moja inakatwa mara tatu. Kwa wateja 200, unalipia SMS 600.

Kwa hivyo ukinakili maneno kutoka Word, futa ritifaa iliyopinda, weka iliyonyooka, kisha angalia idadi ya SMS kabla ya kutuma.

Lakini jina liache. Kwa Dholuo, kama kwa Kiswahili, ng' na ng ni sauti mbili tofauti. Mteja anataka kuona jina lake na la kwao jinsi yalivyo.

Na sisi watu wa malipo tusimwachie mteja kazi yote. Mfumo unaweza kunyoosha hiyo alama wenyewe kabla ya kumtoza.