Fumba: Njia ya kifusi nayo ni mtaji

Anayetaka kuweka fedha Fumba siku hizi huuliza bei ya kiwanja au ya nyumba. Hakosei. Tangu Serikali ya Mapinduzi ilipoitenga rasi hiyo kuwa eneo huru la kiuchumi katika miaka ya 1990, na hasa baada ya ujenzi wa Fumba Town kuanza katika muongo uliopita, ardhi ndiyo bidhaa inayozungumzwa kuliko nyingine zote upande huo wa Unguja. Lakini iko mali moja ambayo haimo katika orodha ya dalali yeyote, nayo hupungua kila ukuta mpya unapopanda. Mali hiyo ni njia za vumbi na kifusi za Dimani, Bweleo na Fumba, zinazopita mashambani na kuteremkia Ghuba ya Menai, ambako gari hupita kwa nadra na baiskeli hupita kila siku.

Soko la njia hizo lipo tayari. Wageni walioingia Zanzibar mwaka 2020, mwaka wa Uviko, walikuwa 260,644. Mwaka 2024 walifika 736,755. Wengi wa wanaofika Fumba hufuata safari za baharini, kwenda kisiwa cha Kwale na kwenye mafungu ya mchanga, ndani ya eneo la hifadhi ya bahari la Menai lililotangazwa mwaka 1997. Gari huwachukua hotelini asubuhi, huwashusha pwani, na jioni huwarudisha. Fedha huishia kwa mwenye hoteli, mwenye gari na mwenye chombo. Mgeni wa gari huiona Bweleo kwa dirishani tu, na kijiji huambulia vumbi.

Mgeni wa baiskeli ana tabia nyingine. Jua likimchoma hutafuta kivuli, kiu ikimshika hununua dafu, tairi likipata pancha humtafuta fundi. Akipita polepole mbele ya kina mama wanaotengeneza mapambo ya kombe na lulu za Menai, au sabuni za mwani, atasimama. Kila kituo ni mauzo, na mauzo hayo hayahitaji leseni ya hoteli wala mkopo wa benki.

Je, biashara ya kukodisha baiskeli inalipa? Ichukuliwe hesabu ya mfano. Mtu ananunua baiskeli imara 10 kwa shilingi 350,000 kila moja, na kutenga shilingi 500,000 kwa kofia za usalama na vifaa vya ufundi. Mtaji ni shilingi milioni 4. Akikodisha kwa shilingi 10,000 kwa siku, na wastani wa baiskeli 4 zikatoka kila siku kwa siku 200 za mwaka (miezi ya masika haihesabiki), mapato ni shilingi milioni 8. Atoe mshahara wa fundi ambaye pia ni mlinzi, shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani milioni 3.6 kwa mwaka. Vipuri milioni 1.2, pango na ada 800,000. Kinachobaki ni shilingi milioni 2.4, na mtaji hurudi katika mwaka mmoja na miezi minane.

Sasa wastani uwe baiskeli 2 badala ya 4. Mapato yanashuka hadi milioni 4, gharama zinabaki milioni 5.6, na mwenye mali anapata hasara ya milioni 1.6. Tofauti ya baiskeli mbili kwa siku ndiyo tofauti ya faida na kufilisika.

Kinachoamua idadi hiyo si rangi ya baiskeli. Ni njia. Hoteli haitampeleka mgeni wake, tena na watoto, kwenye lami anakopishana na malori ya mawe na daladala zinazowania abiria. Itampeleka kwenye njia tulivu, iliyo na alama, inayomrudisha alikoanzia. Njia hiyo ikikatwa na ukuta mahali pamoja tu, mzunguko umekufa, na baiskeli 10 zinageuka chuma chakavu.

Ushahidi uko jirani. Nchini Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, Hifadhi ya Hell's Gate huruhusu wageni kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, na wenyeji wanaokodisha baiskeli nje ya lango wamepata riziki humo. Mbali zaidi, jimbo la Missouri nchini Marekani liliichukua njia ya reli iliyoachwa mwaka 1986, likaing'oa reli na kumwaga kokoto laini za chokaa. Njia hiyo, Katy Trail, ilianza kufunguliwa mwaka 1990 na leo ina urefu wa zaidi ya kilomita 380, bila magari. Miji midogo iliyokuwa ikisinzia sasa inauza vyumba, chakula na vipuri kwa wapita njia. Aliyefaulu pale si aliyekuwa na baiskeli nyingi. Ni aliyelinda ukanda wa ardhi usikatwe vipande.

Zanzibar ina nafasi nzuri zaidi ya kufanya hivyo kuliko nchi ambazo kila shamba lina mwenyewe. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ni mali ya umma, na mwekezaji wa kigeni huipata kwa mkataba wa kukodi. Mkataba una masharti. Sharti moja la kuacha ukanda wa mita 4 pale njia ya zamani ilipopita halitamfukuza mwekezaji makini. Bali litaipandishia thamani nyumba yake, maana mnunuzi wa leo huuliza pia mahali pa kutembea.

Wapo watakaosema kijiji kinataka lami, si vumbi la kufurahisha wageni. Wana haki. Mgonjwa wa Fumba anahitaji barabara ya gari, na lami kuu iendelee kutengenezwa. Lakini mvuvi apelekaye samaki mnadani, mwanafunzi aendaye skuli na mama abebaye mwani hutumia njia hizo hizo za kifusi kabla ya mgeni yeyote. Ukuta unaomzuia mtalii unamzuia kwanza mwanakijiji, na huyo halipwi fidia ya mzunguko anaolazimika kuuzunguka.

Gharama ya kuzihifadhi ni ndogo. Kifusi cha mawe ya matumbawe kipo hapo hapo, mawe makubwa mawili mwanzoni mwa njia yanatosha kuzuia malori, na kamati ya shehia inaweza kusimamia matengenezo kwa ada ndogo ya kila baiskeli inayokodishwa.

Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo anayeitazama Fumba asikimbilie kwanza kuagiza baiskeli. Aanze kwa sheha, aulize njia ipi imo katika ramani ya mipango miji na ipi haimo, kisha aungane na wenzake kuidai iandikwe kabla ya mkataba unaofuata kusainiwa. Baiskeli zitapatikana mwakani. Njia ikishajengewa ukuta haitarudi.