Samaki wa mapambo: Mnunuzi asidanganywe na rangi

Wazamiaji wa pwani ya Kenya huvua samaki wa mapambo wanaouzwa Ulaya na Marekani. Mnunuzi hutazama rangi, akasahau kuuliza samaki anakula nini. Vitatange wengi hula matumbawe hai. Wakiwekwa kwenye tangi la matumbawe, huyamaliza. Yupo pia samaki mdogo mwenye mstari mweusi, anayewasafisha wenzake kwa kula vimelea vya ngozini. Tangini vimelea havitoshi, na mara nyingi hufa njaa, huku mwamba alikotolewa ukibaki bila msafishaji.

Kenya na Tanzania zikubaliane orodha moja ya samaki wasiouzwa. Katazo la upande mmoja halifai kitu, kwani Vanga na Moa ni majirani wa bahari moja.