Masomo ya Watoto Wetu na Hazina ya Chama

Wanachama waliohudhuria mkutano wa mwezi uliopita watalikumbuka shauri lililoletwa saa ya mwisho, watu walipokuwa wamekwisha simama kwenda zao. Ilitakwa kwamba ule msaada mdogo utolewao na hazina yetu kwa watoto waendao kidato cha tano, yaani nauli, godoro, sanduku na vitabu, tangu sasa wapewe wale tu waliochagua masomo ya sayansi. Shauri halikukatwa siku ile. Litakatwa katika mkutano ujao, na kwa kuwa karatasi hii hutoka kabla ya mkutano huo, yatupasa kusema tulionalo.

Sisi twalipinga.

Hatusemi kwamba waliolileta wana nia mbaya. Walisema, na ni kweli, kwamba kwa miaka mingi serikali imekuwa ikitafuta zaidi walimu wa hesabu na sayansi, na vijana waliosomea ualimu wa Historia na Jiografia wako wengi waliokaa nyumbani na shahada zao. Hapa kwetu Chemchem twawajua kwa majina. Mmoja huuza vocha za simu karibu na nyumba tunayokaa, na kila asubuhi hutusalimu kwa adabu iliyotimia. Mzazi amwonaye kijana huyo huogopa, wala hatumlaumu.

Walakini ualimu ni kazi moja tu. Masomo ya jamii ndiyo njia ya mahakimu na mawakili, ya maafisa mipango na maafisa utumishi, ya wachumi, ya watunza kumbukumbu na maafisa ustawi wa jamii. Tena na tujitazame wenyewe. Kazi ya karani ni ipi? Ni kusoma waraka na kuuelewa kabla ya kuupeleka mbele. Ni kuandika muhtasari wa mkutano bila kumtia mtu maneno asiyoyasema. Ni kujua mpaka wa kijiji hiki na kile, na kumsikiliza mzee aliyetembea tangu alfajiri na shauri lake la shamba. Hayo hatukuyapata katika maabara.

Nasi tuna deni la kueleza yaliyotupata. Tulipomaliza kidato cha nne katika shule moja ya misheni, alama zetu nzuri zilikuwa za Historia na Kiingereza. Za Fizikia zilitosha tu. Marehemu baba yetu, mtu mwema aliyetupenda, aliijaza fomu kwa mkono wake mwenyewe: Fizikia, Kemia na Hesabu. Miaka miwili tulikesha na vitabu tusivyovipenda, tukatoka na alama ambazo hatukuweza kumwonyesha mtu. Jirani yetu wa dawati, aliyechukua Historia, Jiografia na Kiingereza akichekwa na darasa zima, leo ni hakimu. Hatumwonei wivu, au twamwonea kidogo tu. Lakini tukisikia kwamba chama chetu chenyewe kinataka kuzifanya fedha zake ziwe kama ule mkono wa baba, hatuwezi kunyamaza.

Wako wasemao kwamba masomo haya ni ya kukariri. Hapo twakubali kwamba mahali pengi hufundishwa hivyo. Juzi tulimwuliza kijana wa kidato cha sita sababu za mapinduzi ya Ufaransa, akatupa saba kwa mpangilio. Tulipomwuliza Isike alikuwa nani, alitutazama kama tuliyemwuliza habari za mwezini. Naye amezaliwa Tabora! Mtemi wa Unyanyembe aliyejilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 ili asishikwe hai na Wajerumani, tena papa hapa, hakuwamo katika daftari lake. Mwalimu angeweza kuwapeleka Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, akawaeleza misafara iliyopita kwenda Ujiji na kurudi pwani na pembe za ndovu, na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ile mabegani. Akawaonyesha stesheni, akawauliza kwa nini reli iliyofika mwaka 1912 ilifuata karibu njia ile ile ya misafara, na kwa nini mwaka 1916 Wabelgiji waliutaka sana mji huu. Hiyo ni historia na jiografia na uchumi kwa pamoja, wala haihitaji kukaririwa. Kosa hilo ni la kufundisha, si la somo.

Na tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1922, mwaka ule ule ilipoanzishwa shule ya serikali ya Tabora, hasa kwa ajili ya wana wa machifu, Martin Kayamba na wenzake walianzisha kule Tanga chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa serikali katika Tanganyika. Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza habari ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Karani asiyejua nchi yake ilivyotawaliwa, ardhi yake ilivyogawanywa na watu wake walivyoishi, angesema nini mbele ya mabwana wale? Baada yake shule yetu ya Tabora ilimlea Julius Nyerere, aliyeingia mwaka 1937. Alirudi mjini hapa mwaka 1946 kufundisha katika shule ya St. Mary's, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Masomo aliyosoma huko hata alipopata shahada mwaka 1952 yalikuwa pamoja na historia, uchumi, sheria ya katiba, falsafa ya maadili na elimu ya mila za watu. Hazina yetu, kwa kanuni hii mpya, isingemnunulia godoro.

Lakini ni kosa jingine kumwacha mtoto achague masomo ya jamii kwa sababu tu amekimbia hesabu, na hapa twasema na wazazi wa upande wetu. Mambo yamebadilika. Hadi mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano, ambazo watoto huziita kombi, zilikuwa 16, na mzazi mwangalifu aliweza kuzijua zote. Mwaka ule serikali iliongeza 49 zikawa 65, katika makundi saba, sayansi ya jamii ikiwa kundi mojawapo. Mtoto hupata orodha hiyo yote, na mara nyingi huchagua ile aliyoichagua rafiki yake.

Basi na tukae naye. HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, humfaa apendaye kusoma na kuandika sana, na wengi wa wanasheria wetu walipita huko. HKL huacha Jiografia na kuchukua Kiswahili. Ni nzuri kwa mwenye lugha, lakini huwa dhaifu mtu akitaka baadaye kazi za mipango au ardhi. HGE ina Uchumi, na hapo ndipo watoto wengi huanguka bila kujua, kwa maana Uchumi hautengani na hesabu: mwombaji wa shahada ya uchumi huulizwa alama yake ya Hesabu. Aliyeitupa Hesabu kidato cha pili kwa kusema yeye ni mtu wa sanaa amejifungia mlango huo kwa mkono wake. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha pili na aliangalie jambo hili sasa, asingoje fomu.

Tangu mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali imeondolewa, kwa hiyo msaada wetu si mzigo mkubwa kama ulivyokuwa. Twaleta shauri badala ya lile: apewe kila mtoto wa mwanachama aliyechaguliwa kidato cha tano, awe wa sayansi au wa jamii, kwa sharti kwamba kwanza akae nusu saa na watu wawili wa kamati, awaeleze kwa kinywa chake kwa nini amechagua masomo hayo na anatumaini kufika wapi. Mzazi angoje nje. Mtoto asiyeweza kueleza asinyimwe, bali apewe muda akaulize, arudi. Fomu huweza kubadilishwa kabla ya siku iliyowekwa.

Wanachama walio tayari kukaa na watoto wapeleke majina kwa Bwana Katibu kabla ya mkutano. Twahitaji hasa mtu wa mahakama na mtu wa mipango. Nao walioleta shauri la kwanza, kama wana jibu, waliandike. Tutalichapa neno kwa neno, mradi lisizidi ukurasa mmoja, maana stensili zimebaki tatu.