MASHIMO YAFUKIWE!

Ndugu wanaushirika,

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922. Miaka ya 1930 watu walimiminika Chunya toka kila upande. Dhahabu ilipopungua wenye mitaji wakaenda zao, mashimo wakatuachia sisi. Tangu 2019 Chunya kuna soko la dhahabu, na vijana wetu wanachimba hata ndani ya mashamba ya tumbaku. Hatuwakatazi, riziki ni riziki. Lakini shimo likiisha kazi lifukiwe kabla mvua haijaanza. Mtoto akitumbukia, nani atalipa? Na zebaki isifike mtoni, maji yale ndiyo tunayokunywa sote.

Tunapendekeza mkutanoni: mwenye shimo wazi shambani asikopeshwe mbolea mpaka alifukie. Dhahabu itakwisha, sisi tutabaki hapa hapa na jembe.

Katibu wa Tawi